Mfuko wa taifa au mchango wa jamii?
Kwa mwanafunzi Mweusi wa Marekani anayependa watu wa jinsia yake, Point Foundation, mfuko wa hisani wa nchi nzima ulioanzishwa 2001, hutoa fedha za masomo na pia mlezi wa kumshika mkono. Ila ushindani ni wa nchi nzima. Ufadhili unaochangwa na Weusi wenzake mjini huwa mdogo, pengine wa vitabu na nauli tu. Mimi nauthamini zaidi. Fomu ya serikali ya msaada wa masomo kwa kawaida humhesabu aliye chini ya miaka 24 kuwa tegemezi wa wazazi. Akifukuzwa nyumbani, kijana yuleyule aliyeumizwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hawategemei tena. Wachangaji wa mtaani wanamjua tayari. Aombe kote kuwili, aanzie kwao.