Mbio za wanaoanza kaskazini ya Pemba: njia nzuri, mpangilio kinyume

Mbio hizi zina sehemu tatu: kayaki kilomita 5 ndani ya hori ya Njao, kutembea kilomita 7 kukata msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi, kisha baiskeli kilomita 20 hivi kwenda mnara wa taa wa Ras Kigomasha na kurudi kupitia Makangale hadi Konde. Timu ni ya watu wawili, ramani ni ya karatasi, simu inafungwa ndani ya mfuko na kufunguliwa kwa dharura tu. Timu inayoanza humaliza kwa saa tano au sita, na muda wa mwisho ni saa saba tangu kuanza. Anayeweza kutembea kilomita kumi bila kulalamika na kupanda baiskeli saa mbili mfululizo anaiweza. Si lazima awe mwogeleaji hodari, ila asiwe mtu wa kupaparika maji yakimfika kifuani.

Njia tunaipa alama za juu. Utaratibu wa siku tunaupa za kati, na sababu kubwa ni maji.

Tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukaribia mita nne, na kwenye maji mafu, yale madogo ya katikati yake, hushuka hadi kama mita moja. Hilo kila mvuvi analijua. Lisilofikiriwa na wengi wanaojiandikisha ni saa zenyewe. Katika bahari yetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri kwenye saa kumi na kupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Ndiyo maana wakulima wa mwani huteremka pwani asubuhi siku hizo. Maji mafu ni kinyume chake: hupwa alfajiri, hujaa saa nne au saa tano asubuhi. Sasa chukua mbio zinazoanza saa moja na nusu. Zikiangukia bamvua, kayaki zinaingia horini maji yakiwa yanakimbia kutoka, na kufika saa tatu vijito vya ndani ya mikoko vimebaki tope. Kayaki ya watu wawili ya plastiki ina kilo 30 hadi 35. Kuiburuza kwenye tope linalokufika magotini ni adhabu, na mizizi ya mikoko imejaa chaza wanaokata kama wembe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, tazama tarehe ya Kiislamu. Mbio zikiwa baina ya tarehe 8 na 10, au 23 na 25 za mwezi, utapata maji mafu na hori iliyojaa. Zikiwa karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, waulize waandaaji wataanza saa ngapi na wameweka njia gani ya akiba. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, basi hata kuahirisha kwa siku mbili kunabadilisha mambo. Asiyeweza kukujibu swali hilo moja kwa moja usimpe fedha zako.

Kingine cha kuangalia ni mlango wa Njao, ule upenyo baina ya kisiwa cha Njao na Fundo. Ndani ya hori hakuna wimbi la maana, na kusi hukutani nayo uso kwa uso kwa sababu kisiwa chote kiko nyuma yako. Lakini maji yote ya ndani hutokea mlangoni, na yakipwa mkondo hukuvuta kwenda nje, kwenye mkondo wa Pemba wenye kina kikubwa. Waandaaji wameweka maboya mawili na mashua ya doria upande huo, nasi tunawasifu. Hata hivyo vituo vyote vya ramani viko upande wa Pemba, kwa hiyo timu isiyopotea haina sababu ya kuliona boya hata moja.

Kayaki zenyewe ni zile za kukalia juu, na kwa anayeanza ndizo zinazofaa: ikipinduka haijai maji. Aliye mzito akae nyuma, la sivyo pua inazama na chombo hakishiki mwelekeo. Wa mbele ndiye anayetoa mwendo wa kafi, wa nyuma anamfuata na kuongoza. Kosa la wengi ni kuvuta kwa mikono mitupu, na kufika kilomita ya pili mabega yamekwisha. Nyoosha mkono wa chini, geuza kiwiliwili, usukume kwa mguu wa upande ule ule. Kagua kizibo cha nyuma kabla ya kuingia majini, maana kikilegea chombo hunywa maji taratibu na utadhani umechoka wewe. Mkipinduka, mmoja aishike kayaki upande mmoja, mwenzake apande upande wa pili kwa tumbo huku akipiga miguu, ndipo ageuke na kukaa. Majaketi ya uokozi yalikuwa mazima, lakini saizi za watu wembamba zilikuwa chache. Jaketi sahihi halipandi hadi masikioni ukivutwa mabegani. Likipanda, omba jingine.

Kutembea hakuna mengi ya kusema. Ngezi ina kivuli, njia inaonekana, na mizizi inateleza baada ya mvua. Kipimo cha ramani ni 1:25,000, yaani sentimita 4 kwa kilomita moja, na vituo viwili vya ndani ya msitu vimewekwa penye njia panda ili mgeni wa ramani asipotee. Popo wa Pemba, wale wakubwa wanaopatikana kisiwani humu tu, wanalala juu ya miti, basi kelele ziachwe getini.

Baiskeli ndiyo sehemu dhaifu. Za kukodi zina tairi za upana unaofaa, inchi 2.1, lakini zilijazwa upepo kama za kubebea mkaa. Tairi gumu kwenye mchanga linachimba na kusimama, na kwenye udongo mwekundu uliolowa linateleza. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tyubu za kawaida, paundi 30 hadi 35 za upepo zinatosha. Chini ya hapo, ukigonga jiwe la maweni ringi inaibana tyubu na kuitoboa mahali pawili. Tandiko lipandishwe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini mguu unyooke. Wengi hulishusha kwa hofu ya kuanguka, wakaishia na magoti yanayouma. Gia ibadilishwe kabla ya mlima. Ukibadilisha katikati huku umekaza miguu, cheni inaruka au inakatika. Kila timu ichukue tyubu mbili, pampu, viraka na solusheni, vyuma viwili vya kubandulia tairi, na spana ya pembe sita ya milimita 5. Waandaaji wanaye fundi mmoja tu, naye yuko Makangale.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye mpangilio. Kuanza na kayaki maana yake ni kupanda baiskeli umelowa chumvi, na nguo yenye chumvi juu ya tandiko kwa saa mbili inachubua ngozi. Chumvi hiyo hiyo inadondokea cheni. Baya zaidi, sehemu ya wazi ya Kigomasha inaangukia jua la saa sita, ilhali msitu wenye kivuli umekwishapitwa mapema. Wangegeuza. Baiskeli ianze Konde saa kumi na mbili na nusu, iende mpaka mnara, ule wa chuma uliojengwa mwaka 1900, kisha iteremke horini. Kayaki ziingie majini saa tatu, maji mafu yakiwa yanajaa. Mchana watu watembee chini ya miti, na mwisho uwe ufukwe wa Vumawimbi, mahali pa kuogea bila kutafuta. Hakuna kitu kipya cha kununua, ni kuhamisha meza tu.

Kuhusu mavazi, suruali ndefu nyepesi ni bora kuliko kaptula kwa msitu, na inafaa pia kwa adabu mnapopita vijijini. Wanawake wenye hijabu wavae kitambaa chembamba kisicho na fundo wala pini nyuma, helmeti ikae sawa. Viatu viwe vya kufunika vidole tangu kwenye kayaki: shokomzoba, wale wa baharini wenye miiba, hawamuulizi mtu kama ni mgeni. Maji ni lita tatu kwa mtu, na vituo viwili vya kujazia vilitosha. Tikiti maji waliyogawa ilikuwa tamu, lakini mwili unahitaji chumvi pia. Bebeni tende, ndizi na muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi.

Anayetoka Unguja na baiskeli yake apande boti ya Wete ikiwa ratiba inamruhusu. Ukishuka Mkoani una karibu urefu wote wa kisiwa kabla ya kuiona Konde, na gari itakayokubali kubeba baiskeli mbili juu ya paa usiitafute jioni ya kuamkia mbio.