TAHADHARI: Vifurushi vya "kilo 7 kwa siku 7", soma kabla hujatuma hela

Wadau, kuna wauzaji wanasambaza kifurushi cha kupunguza mwili: chai ya kunywa usiku, kopo la vidonge lisilo na jina la kiwanda, na karatasi ya masharti. Jina na rangi ya pakiti hubadilika kila mara, biashara ni ileile. Wanakwambia ni asilia, huhitaji mazoezi, kilo 7 zinakatika ndani ya wiki.

Piga hesabu kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, na mtu mzima wa kawaida hutumia kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Maana yake hata asiyetia kitu mdomoni siku zote saba hafikishi kilo 2.5 za mafuta. Kilo zinazobaki kwenye picha ya mizani wanayokuonyesha ni maji, kinyesi na misuli.

Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana karatasi yake inakataza wanga tangu siku ya kwanza. Mwili huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni kwenye ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hushika karibu gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, kilo moja na nusu hadi mbili zinaondoka ndani ya siku chache. Ukirudi kula kawaida zinarudi zote, na utaambiwa hukufuata masharti, chukua dozi ya pili.

Sasa geuza pakiti ya chai usome maandishi madogo. Ukikuta "Folium Sennae" au "Cassia angustifolia", hiyo ni sena, dawa ya choo kigumu. Ni dawa halali, ila ni ya siku chache, si ya mwezi mzima. Huamsha utumbo mpana saa 6 hadi 12 baada ya kunywa, ndiyo sababu unaambiwa unywe usiku: asubuhi unaharisha, unaamini "sumu inatoka". Chakula kilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba zamani. Kinachotoka ni maji na potasiamu. Kawaida potasiamu ya damu ni 3.5 hadi 5 mmol kwa lita; ikishuka misuli inalegea na kukaza, mapigo ya moyo yanaruka, na ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango naye ajue kuwa kuharisha sana kunaweza kuvitoa kabla havijafyonzwa.

Vidonge ndivyo vinavyotutisha zaidi. Vingi vya aina hii, vikipimwa maabara, hukutwa na sibutramini, dawa ya kiwandani ya kukata hamu ya kula. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Ukimeza "mitishamba" na siku hiyohiyo njaa ikapotea kabisa, mdomo ukakauka, usingizi ukakata na moyo ukaenda mbio, shuku kuwa umemeza dawa ya kiwandani iliyofichwa. Kwa anayetumia dawa za sonona hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu nyingi kati ya hizo zinagongana na sibutramini. Kuna pia DNP (dinitrofenoli), kemikali ya unga wa njano unaopandisha joto la mwili bila kikomo. Haina dawa ya kuizima, na Marekani iliitangaza kuwa haifai kwa binadamu tangu 1938. Anayekuuzia hiyo anakuuzia sumu, tusizunguke.

Njaa kali yenyewe ina madhara hata bila vidonge. Mlo wa chini ya kalori 800 kwa siku hufanywa chini ya daktari tu. Ukipungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kwa muda mrefu, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, huku mfuko wa nyongo ukitulia kwa sababu huli mafuta. Hapo mawe hujengeka, na maumivu huja chini ya mbavu za kulia. Nywele hunyonyoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati umeshaisahau chai. (Wapo wanaorudi kukuuzia mafuta ya nywele.) Mwenye kisukari anayetumia insulini akijinyima chakula, sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

Na kama umekaa zaidi ya siku 5 bila kula, au ukila kidogo mno, usifungulie kwa sahani iliyojaa wala soda. Sukari ikiingia ghafla, insulini hupanda na kuvuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na moyo au pumzi vinaweza kugoma. Nenda hospitali kwanza. Huko watakuanzishia chakula kwa kiasi kidogo huku wakipima damu.

Uliyekwisha kuanza, acha chai na vidonge leo, lakini dawa zako za hospitali usiziguse bila daktari. Pakiti usiitupe, nenda nayo, na uombe kipimo cha potasiamu na cha ECG (umeme wa moyo). Maumivu ya kifua, kuzimia, mapigo kuruka, au joto kali na jasho jingi baada ya kidonge: hayo ni ya dharura saa hiyohiyo.

Kabla ya kumlalamikia muuzaji, piga picha mazungumzo, risiti ya malipo, pande zote za pakiti na namba ya bechi kama ipo, kisha upeleke kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako pamoja na vidonge vilivyobaki. Akishajua unamfuatilia, akaunti inafutwa na kesho anarudi na jina jipya.