Seti ya ovahoo ya bei rahisi kwenye Massey Ferguson 135: cha kutumia na cha kuweka pembeni

Seti ya ovahoo, yaani vipuri vya kufumua na kujenga upya injini ya trekta hili, haina jina kubwa. Ni ya injini ya Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, kipenyo cha silinda milimita 91.4. Ndani ya boksi kuna slivu tatu (mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni na pini zake, ringi, beringi za konrodi (mkono wa pistoni) na za meni (zinazobeba kranki), vashe za thrasti zinazoizuia kranki isisogee mbele na nyuma, na gasketi zote. Injini ilikuwa inatoa moshi wa bluu, inapumua kwa nguvu kwenye mfuniko wa oili, na presha ya oili inashuka ikishapata moto. Sasa haitoi moshi wala haili oili. Ningeinunua tena, ila si boksi zima.

Pesa nyingi hupotea kwa kuagiza seti kabla ya kupima kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Beringi zinazokuja ni za standadi, yaani saizi ya kranki isiyosagwa. Kranki ya zamani kiasi hiki kwa kawaida imekwaruzika au imepoteza uduara, na ikisagwa hushuka milimita 0.25 au 0.50, basi zile za standadi zinabaki mapambo. Pima kwanza, saga kama inabidi, ndipo umwambie muuzaji saizi. Akikataa kubadilisha, nunua seti bila beringi.

Uliza pia kama slivu zimemalizwa kuchongwa. Zile ambazo hazijamalizwa ni rahisi dukani, lakini zikishapigwa ndani ya bloku lazima zichongwe kwa ndani na kuhoniwa (kusuguliwa kwa jiwe la honi) hadi saizi, na gharama ya mashine inameza nafuu yote.

Slivu za injini hii ni kavu, hazigusi maji. Kama huna presi ya kuzitoa, bloku ikiwa tupu kabisa, piga mistari miwili mitatu ya kulehemu kwa ndani, kutoka juu hadi chini. Chuma kikipoa kinasinyaa, slivu inalegea na kutoka kwa kugongwa kidogo. Safisha tundu lake vizuri kabla ya kuingiza mpya. Kutu kidogo tu nyuma ya slivu inatosha kuibana isikae duara, na ringi hazitaziba.

Pistoni zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, uzito ukitofautiana gramu chache tu. Ringi ndizo za kutazama kwa makini. Isukume kila ringi ndani ya slivu kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia). Silinda ya saizi hii inataka takribani milimita 0.30 hadi 0.40. Ringi moja kwenye seti yangu ilikuwa na 0.15. Ukiifunga hivyo, ikipata moto ncha zinagusana, inakwama na kuchana slivu mpya. Isugue ncha kwa tupa kidogo kidogo, ukiisukuma tupa kutoka nje kwenda ndani, na upime tena.

Gasketi ya silinda hedi ni sawa. Maandishi TOP FRONT yakae juu na mbele. Gasketi za koki (gome jepesi kama la kizibo cha chupa) sizipendi, zilivuja kwenye kava ya valvu ndani ya wiki. Klipu za pini za pistoni nilitupa zote na kununua nyingine: zilikuwa laini, na klipu moja ikiruka, silinda imekwisha.

Baada ya kuhoni, osha bloku kwa maji ya moto na sabuni. Wengi huosha kwa dizeli, nayo inabakiza unga wa jiwe ndani ya mistari ya honi, ambao ndio unaosaga ringi mpya. Futa kwa kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe, kisha paka oili papo hapo, maana kutu haikawii.

Pesa uliyookoa kwenye seti ipeleke kwenye nozeli, zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Nozeli inayodondosha dizeli inaosha oili kwenye kuta za silinda na inaweza kutoboa pistoni, halafu seti ndiyo inayolaumiwa.

Nati za hedi zikazwe kwa hatua, ukianzia katikati, hadi futi-pauni 60, ambazo ni kama 81 Nm. Mwanya wa tapeti (wa valvu) ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Kabla ya kuwasha, vuta stopu (ya kukata dizeli) na uzungushe kwa stata, sekunde chache chache, mpaka geji ya oili ipande. Ikiwaka, usiiache sailensa (ikizunguka polepole bila kazi) muda mrefu: bila mzigo ringi hazikandamizwi ukutani, silinda inang'aa kama kioo na moshi wa bluu unarudi. Ipe kazi ya wastani mapema. Kaza hedi tena baada ya kupata moto mara ya kwanza, rudia tapeti, na umwage oili pamoja na filta ikifika saa 25. Oili hiyo ya kwanza ipitishe kwenye kitambaa: unga mweusi ni kawaida, magamba yanayong'aa ni beringi.