Rivnati kwenye roboti ya mashindano, uzoefu wangu hapa Mtwara

Mimi nawasimamia vijana wa klabu ya roboti hapa Mtwara mjini, na fremu yetu tunatengeneza na bomba za mraba za aluminiamu, vile vipande vinavyobaki kwa mafundi madirisha. Shida yetu ilikuwa moja, ukishaunga bomba nati ya ndani unaishikaje? Kidole hakiingii, spana haiingii, tulikuwa tunaigandisha nati kwenye kijiti kwa gundi tunaichomeka taratibu, ikidondoka mle ndani ndo unaanza kutikisa fremu nzima kama unapepeta mchele.

Nikaagiza rivnati, yani nati zinazojibana zenyewe kwenye tundu la bomba bila kushikwa kwa ndani, za M4 na M5 (za bolti za milimita 4 na 5), pamoja na koleo lake kutoka Kariakoo, mzigo ukaja na basi. Yani hii kitu nimeipenda sana. Unatoboa tundu upande mmoja tu, unachomeka, unabana mikono ya koleo, unasikia kabisa mkono unakuwa mzito pale kiuno cha nati kinapojikunja kwa ndani na kung'ang'ania bati, ukilifungua koleo bomba jembamba la milimita moja na nusu limeshapata meno ya kukaza bolti. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ndo iliibuni miaka ya 1930, kwa ajili ya kufunga mipira ya kuzuia barafu kwenye mabawa ya ndege.

Ila tundu lisikosewe hata kidogo. M4 inataka milimita 6, M5 inataka 7. Siku mbili kabla ya mashindano kijana alitoboa moja kwa moja na biti ya 6 iliyochoka, tundu likawa kama yai, nati ikabana kinafiki. Tulipotaka kubadilisha mota bolti ikawa inazunguka na nati yake, haitoki wala haikazi. Niliumia kweli maana muda ulikuwa umeisha. Tukaishika shingo ya nati kwa koleo jembamba, tukaitoboa ikakatika, tukapanua tundu mpaka 7 tukaweka M5, ikashika vizuri mpaka leo. Sasa hivi tunaanza na biti ya 3, tunakuja 5, tunamalizia 6 mpya, alafu koleo linasimama wima. Na nunueni zile zenye mikwaruzo mwilini, laini zinazunguka haraka.

Jingine ni chumvi ya bahari. Za chuma nilizoacha kwenye kopo zilianza kutu, na chuma kikikutana na aluminiamu penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndo inaliwa. Za aluminiamu hazina hiyo shida ila meno yake ni laini, ukikaza kwa nguvu yanakatika. Kwa hiyo kwenye mota naweka za chuma na grisi kidogo, kwenye vifuniko vya betri na saketi naweka za aluminiamu.

Ekseli za magurudumu bado nafunga na bolti ndefu inayopita bomba zima, pale roboti inagongwa sana na rivnati sijaiamini.