Vifaa vya kuongeza nguvu ya injini kwa pikapu ya dizeli: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mwenye Hilux, D-Max au Ranger anayepanda Mlima Kitonga akiwa amepakia mifuko ishirini ya saruji, au anayepandisha kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru huku akivuta trela, hufika mahali akajiuliza kama injini yake haiwezi kutoa nguvu zaidi ya inayotoa. Mara nyingi inaweza. Injini ya dizeli ya kisasa yenye tabo huongozwa na kontroli boksi, na sehemu kubwa ya nguvu zake hutokana na tarakimu zilizoandikwa ndani ya kompyuta hiyo: dizeli kiasi gani inyunyizwe, kwa wakati gani, na tabo isukume hewa kwa shinikizo lipi. Kiwanda huziweka tarakimu hizo kwa tahadhari, kwa kuwa gari lilelile litauzwa katika nchi za joto na za baridi, litajazwa mafuta ya viwango tofauti, na wengine hawatalifanyia huduma kwa wakati. Vifaa vingi vilivyopangwa katika mwongozo huu vinajaribu kula sehemu ya tahadhari hiyo, na tofauti kati yake ni jinsi kila kimoja kinavyoila na nani anayelipa gharama baadaye.

Mipaka ya kinachowezekana imeonyeshwa na Toyota wenyewe. Injini ya 1GD-FTV ya lita 2.8 ilipoingia kwenye Hilux mwaka 2015 ilitoa kilowati 130, pamoja na torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa nyutonimita (Nm), ya Nm 450 kwa giaboksi ya otomatiki na Nm 420 kwa giaboksi ya mkono. Mwaka 2020 nguvu ilipandishwa hadi kilowati 150 na torki ya otomatiki hadi Nm 500, na ili kufika hapo kiwanda hakikugusa programu peke yake, kwani kilibadilisha pia tabo na sehemu nyingine za injini. Gari la giaboksi ya mkono liliachwa kwenye Nm 420 zilezile. Kwa hiyo muuzaji anapokuahidi kilowati 40 za ziada kwa kisanduku kinachofungwa kwa dakika kumi, una haki ya kumuuliza amepata wapi kile ambacho wahandisi wa kiwanda walikipata nusu yake kwa kubadilisha vyuma.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, hakikisha kwamba injini inatoa nguvu zake za asili. Pikapu nyingi zinazoletwa gereji kwa malalamiko ya kukosa nguvu ni magari yenye kasoro ndogo ambayo haijatafutwa: filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya changarawe, filta ya dizeli iliyopitiliza muda, bomba la intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) lililopasuka na kuvujisha hewa, mpira wa vakyumu uliokauka, au mapanga ya tabo yaliyokwama kwa masizi. Gari lipimwe kwa mashine, nozeli zipimwe kiasi cha dizeli zinachorudisha, na mfumo wa hewa ujaribiwe kama unavuja. Ukiongeza nguvu juu ya nozeli iliyochoka, unaongeza dizeli isiyochomeka vizuri, na dizeli ya namna hiyo humwagika kama moto juu ya kichwa cha pistoni. Wenye injini ya zamani ya Toyota ya 1KD-FTV ya lita 3.0 wanapaswa kulizingatia jambo hili kuliko wote, kwa sababu nozeli za injini hiyo ndizo udhaifu wake unaofahamika zaidi miongoni mwa mafundi.

Mafuta nayo yana sauti katika uamuzi huu. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua ambayo imesaidia sana injini za kisasa. Hata hivyo, uchakachuaji kwa mafuta ya taa haujaisha, na ndiyo maana nchini Tanzania mafuta huwekwa vinasaba, yaani alama za kemikali, ili kubaini yaliyochanganywa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, na katika mfumo unaofanya kazi kwa shinikizo la baa 1,600 au zaidi ya 2,000, upungufu huo wa ulainishaji hukwangua chuma. Mtu ambaye kazi yake inamlazimu kununua dizeli ya madumu vijijini asiongeze shinikizo la mfumo wake kwa namna yoyote.

Nafasi ya kwanza: rimapu ya kiasi, inayofanywa na mtu mwenye vipimo

Rimapu ni kuisoma programu iliyomo kwenye kontroli boksi, kuibadilisha, na kuiandika upya. Ninaiweka ya kwanza kwa sababu moja ya kiufundi inayoshinda nyingine zote: ni njia pekee ambayo kompyuta ya gari inajua ukweli wa kinachoendelea. Mwandishi wa programu anaweza kuongeza dizeli pale tu ambapo kuna hewa ya kutosha kuichoma, kusogeza muda wa kunyunyizia, kuweka kikomo cha moshi na kikomo cha torki, na kuacha kinga zote za joto zikifanya kazi kama zilivyotoka kiwandani. Injini ikipata joto kupita kiasi, kontroli boksi bado itapunguza nguvu ili ijilinde.

Ubora wa rimapu, hata hivyo, ni ubora wa mtu aliyeiandika, na hapa ndipo mnunuzi anapohitaji kuwa mkali. Katika gereji nyingi fundi anayechomeka waya siye anayeandika programu. Yeye husoma faili la gari, hulituma kwa mwandishi aliye Ulaya au Afrika Kusini, kisha hupokea faili jipya na kuliweka. Hakuna ubaya katika mpango huo, mradi uambiwe waziwazi nani ameandika na kama anaijua injini yako. Uliza kifaa gani kinatumika. Zana halisi, kama vile KESS3 ya Alientech ya Italia au Autotuner ya Luxembourg, ni ghali, na kwa sababu hiyo soko limejaa nakala bandia zinazoweza kukatika katikati ya kuandika na kuiua kontroli boksi. Hakikisha pia kwamba betri inaungwa kwenye chaja imara muda wote wa kuandika, kwani umeme ukishuka katika dakika hizo matokeo ni yaleyale.

Dai faili la awali la gari lako likabidhiwe kwako kwenye flashi, likiwa na namba ya toleo lake. Dai gari lipimwe kwenye daino, mashine ya kupima nguvu za gari, kabla na baada ya kazi, siku ileile na kwenye mashine ileile, kwa sababu tarakimu za daino mbili tofauti hazilinganishwi. Kwa gari la mizigo, dai pia kipimo cha joto la ekzosi kabla ya tabo wakati injini imebebeshwa mzigo mfululizo. Wataalamu wengi hawapendi joto hilo likae juu ya nyuzi 700 za selsiasi kwa muda mrefu. Fundi asiye na njia ya kupima joto hilo anakisia, na pistoni inayokisiwa ni ya kwako.

Kiasi gani cha ongezeko kinafaa? Kwa pikapu inayofanya kazi, ongezeko la asilimia 15 hivi linatosha, na ningependelea liwekwe zaidi kwenye mizunguko ya chini, kati ya 1,600 na 2,800 kwa dakika, mahali ambapo dereva mwenye mzigo hushinda siku nzima. Mwenye giaboksi ya mkono akumbuke zile Nm 420 ambazo kiwanda hakikuzivuka: klachi ndiyo itakayoanza kuteleza, na gharama ya klachi iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari nao una uzito wake. Jijini Nairobi au Mbeya, kwenye takriban mita 1,700 hadi 1,800, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa shinikizo lilelile. Faili lililojaribiwa pwani pekee linaweza kuisukuma tabo kupita uwezo wake likifika nyanda za juu. Mweleze mwandishi gari linaishi wapi na linapanda wapi.

Ukipendekezewa kwamba EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) au chujio la masizi lizimwe katika faili hilohilo, kataa. Nchini Marekani sheria ya hewa safi inakataza kuondoa vifaa hivyo, na watengenezaji wa programu za namna hiyo wametozwa faini. Lakini hata pasipo sheria hiyo, masizi yale huvutwa na watoto wanaotembea kando ya barabara, na hakuna kilowati inayostahili kupatikana hivyo.

Nafasi ya pili: kompyuta ya pembeni inayosoma ishara nyingi

Kundi hili lina vifaa kama Unichip, ya kampuni ya Dastek ya Afrika Kusini, na Steinbauer ya Austria. Hufungwa kati ya vihisi au nozeli na kontroli boksi bila kuigusa programu ya kiwanda. Unichip hurekebishwa gari likiwa kwenye daino, jambo linalonipa imani nayo, na Steinbauer hurefusha muda wa kunyunyizia badala ya kupandisha shinikizo la reli, yaani bomba la pamoja linalolisha nozeli dizeli. Faida kubwa ni kwamba kifaa hung'olewa na gari likarudi lilivyokuwa, na kama kampuni ya gari itasasisha programu yake, kazi yako haifutiki. Hasara ni bei, ambayo mara nyingi hufika au kuipita ya rimapu nzuri, na plagi za ziada katika chumba cha injini kinachoingiwa na vumbi, matope na maji ya mito. Mfungaji mzembe hapa huzaa hitilafu za umeme zinazotafutwa kwa miezi. Kwa gari la kampuni ambalo programu yake hairuhusiwi kuguswa, hili ndilo chaguo langu.

Nafasi ya tatu: kidhibiti cha pedali

Kifaa hiki hakiongezi hata kilowati moja. Hubadilisha ishara ya pedali ya mafuta tu, ili mguu ukikanyaga kidogo kompyuta ione umekanyaga zaidi, na gari linaitikia upesi. Ninakiweka juu ya visanduku vingi vinavyodai kuongeza nguvu kwa kuwa hakigusi dizeli wala tabo, huuzwa kwa kawaida chini ya dola 300, na hufungwa na mtu yeyote anayeweza kufika kwenye plagi ya pedali. Mwenye malalamiko ya gari zito kuondoka kwenye taa za barabarani akijaribu hiki kwanza. Mwenye malalamiko ya mlima hatapata msaada wowote.

Nafasi ya nne: kisanduku cha shinikizo la reli

Hiki ndicho kinachouzwa zaidi mtandaoni. Huingizwa kwenye kihisi cha shinikizo la dizeli na kuidanganya kontroli boksi kwamba shinikizo ni dogo kuliko lilivyo, nayo hulipandisha. Nguvu huongezeka kweli. Tatizo ni kwamba kompyuta imenyimwa habari sahihi, kinga zake zinafanya kazi kwa tarakimu za uongo, na pampu pamoja na nozeli zinabeba shinikizo ambalo hakuna anayeliona. Matoleo bora ya kampuni za Ujerumani kama RaceChip na DTE Systems hushughulikia pia ishara ya shinikizo la tabo, hivyo dizeli na hewa huongezeka pamoja, na kwa gari jipya linalotembea bila mzigo mkubwa ninaweza kuyavumilia yakiwa yamewekwa kwenye kiwango cha chini. Kisanduku chenye plagi moja na skrubu ya kuongeza nguvu kwa bisibisi usikinunue.

Vya kuacha dukani

Vijiti vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kupimia gari kwa mashine) vinavyouzwa kwa dola chache, ambavyo vinasemekana kujifunza uendeshaji wako na kuongeza nguvu huku vikipunguza matumizi ya mafuta, vikifunguliwa mara nyingi hukutwa na taa za kumetameta bila uwezo wa kubadilisha chochote. Vizuizi vya umeme (rezista) vinavyoidanganya injini kwamba hewa inayoingia ni baridi ni vya kundi hilohilo. Vifaa vya mkononi vya Marekani ni vya kweli, ila vimetengenezwa kwa ajili ya magari kama Ford F-150, Ram na Silverado, na vingi hujifunga kwa namba ya chasi ya gari la kwanza. Ukiletewa kilichokwisha kutumika na bado kimejifunga kwa gari la kwanza, hakitakufaa.

Gari likiwa bado na waranti, chukulia kwamba muuzaji wa gari ataona mabadiliko. Kompyuta nyingi huhesabu mara zilizoandikwa upya, na visanduku huacha alama kwenye plagi. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kazi kufanyika na utunze jibu lao, kwa sababu kuficha badiliko la injini kunawapa sababu ya kukataa dai siku ya ajali. Baada ya kufunga, fupisha muda wa kubadilisha oili hadi kilomita 5,000, badilisha filta ya dizeli kila huduma, na katika mlima mrefu wa kwanza wenye mzigo mweke mtu kando yako aangalie joto la injini na rangi ya moshi huku wewe ukiendesha. Moshi mweusi mzito ukionekana, gari lirudishwe kwa aliyeliandikia programu akapunguze dizeli, kwa gharama yake, na sharti hilo liandikwe kwenye risiti kabla hujamlipa.