Zana ya ICD-11 ya WHO kwa faili za sepsisi: nzuri na ya bure, ila haiokoi faili tupu

Zana ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya kutafutia misimbo ya ICD-11, yaani orodha ya kimataifa inayopa kila ugonjwa msimbo wake, iko wazi kwenye icd.who.int, bila malipo na bila kujisajili. Kwa ofisi ya rekodi ya hospitali yoyote hapa Nairobi, iwe ya kaunti au ya kibinafsi, tunaipendekeza bila kusita, hasa kwa faili za maambukizi ya bakteria kwenye damu na za sepsisi, yaani maambukizi yanapovuruga mwili hadi viungo vikashindwa kufanya kazi. Lakini ubora wake huonekana tu pale daktari ameandika mambo manne: maambukizi yalianzia wapi, ni bakteria gani, kiungo gani kilishindwa kufanya kazi, na kama presha ilianguka hadi ikahitaji dawa ya kuipandisha. Moja likikosekana, zana bado itakupa msimbo, na wewe utakuwa umebahatisha.

Chukua faili ya mfano. Mwanamume wa miaka 54 ana homa na maumivu ya kiunoni upande mmoja. Presha ni 84/50. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, imepanda kutoka 80 hadi 210. Chupa zote za kuotesha damu zimetoa E. coli. Dripu zimeingia za kutosha na presha haijapanda, akaanzishiwa noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, ili wastani wa presha ufike 65, huku laktati, dalili ya mwili kukosa damu ya kutosha, ikibaki 4. Kisha kwenye muhtasari wa kuruhusiwa kumeandikwa neno moja tu: septisemia.

Neno hilo halibebi hata nusu ya yaliyompata mgonjwa. Sasa fungua zana uandike "pyelo". Kabla hujamaliza neno, GB51 imeshatokea, yaani maambukizi makali ya figo. Upande wa kushoto kuna orodha ya maneno ya kukusaidia kupunguza matokeo, na mpangilio wa maneno unayoandika hauna shida. Ukifungua maelezo ya msimbo, unaweza kuongeza bakteria: E. coli ni XN6P4, na zana yenyewe inaviunganisha kwa alama ya &. Halafu unatafuta sepsisi. Hapa ICD-11 imerahisisha mambo kweli: 1G40 ni sepsisi isiyo na mshtuko, 1G41 ni yenye mshtuko. Mgonjwa wetu ni 1G41, kwa sababu alihitaji dawa ya presha na laktati ilikuwa juu ya 2 hata baada ya maji. Figo kushindwa ghafla ni GB60, na kwa kuwa kreatinini imezidi kiwango chake cha awali mara 2.6, ni hatua ya pili. Chagua tawi la hatua hiyo badala ya kuacha msimbo wa jumla. Misimbo mikuu unaitenganisha kwa mkwaju (/): GB51&XN6P4/1G41/GB60 na tawi lake. Mtu akiusoma mstari huo anaelewa kwa nini mgonjwa alilala ICU, na mlipaji, awe SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) au bima ya kibinafsi, ana msingi wa kulinganisha gharama na ugonjwa.

Zingatia lakini kwamba hatua ya figo isingewezekana bila ile kreatinini ya 80. Faili nyingi zina kipimo cha leo tu. Cha zamani kiko kwenye kadi ya kliniki au kwenye mfumo wa maabara, na hakuna aliyekinakili.

Udhaifu mkubwa wa zana ni kwamba haimjui mgonjwa. Itakuachia unakili 1G41 kwa mtu ambaye presha yake haikushuka hata siku moja. Haitakuuliza chochote. Pia haitakuambia kwamba stafilokoka wa ngozi aliyeota kwenye chupa moja kati ya nne pengine aliingia wakati wa kutoa damu, kwa ngozi kutosafishwa vizuri. Jibu la maabara peke yake si utambuzi wa ugonjwa. Daktari ndiye anayesema kama ni sepsisi, ni bakteria kwenye damu bila sepsisi, au ni uchafuzi wa sampuli, na aandike hivyo kwa mkono wake. Vilevile chupa ambazo hazikuotesha kitu haziondoi sepsisi, hasa mgonjwa akiwa alipewa antibiotiki kabla ya damu kutolewa. Ndiyo maana saa ya kutoa damu na saa ya dozi ya kwanza zote zinafaa kuwa kwenye faili.

Neno "urosepsisi" lirudishe wodini kila mara. Kuna daktari anayelitumia kwa maambukizi ya kawaida ya mkojo, na mwingine kwa sepsisi iliyoanzia kwenye mkojo, na tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa vituo ambavyo bado vinatumia ICD-10, orodha iliyotangulia ICD-11, WHO wana kivinjari chake pia, na toleo la 2019 lipo. Mgonjwa yuleyule atapata A41.5 kwa sepsisi ya bakteria wa Gramu hasi, R57.2 kwa mshtuko, N10 na B96.2 kwa figo na bakteria wake, na N17.9 kwa figo kushindwa ghafla. Hatari iko kwenye utafutaji wa Google. Matokeo mengi ya juu ni ya toleo la Marekani, ambako utakuta A41.51 na R65.21. Misimbo hiyo haimo kwenye toleo la WHO. Ukiona tarakimu mbili baada ya nukta kwenye A41, umeingia tovuti isiyo yako. Na R65 ya WHO, inayohusu mwitikio wa uvimbe wa mwili mzima, haiwekwi kamwe kuwa msimbo mkuu.

Hospitali za uzazi zina njia yao. Mtoto mchanga haendi A41, anaenda P36, au KA60 kwenye ICD-11. Mama aliyepata sepsisi baada ya kujifungua ni O85, na kwenye ICD-11 ni JB40.0. Kivinjari cha ICD-10 kinayaonyesha haya chini ya A41, kwenye orodha ya yasiyohusika, na watu huipita orodha hiyo mbiombio.

Kwenye simu zana inatumika, ila paneli ya maelezo inabanana. Kazi ya kuongeza bakteria ifanyie kwenye kompyuta. Ambako intaneti hukatika, mtu wa IT anaweza kuweka nakala kwenye seva ya hospitali, kwa Docker (programu ya kuendeshea mifumo iliyofungashwa tayari) au kama huduma ya Windows, na zana hiyohiyo ikaingizwa ndani ya mfumo wa rekodi mnaotumia. Mwambieni aandike pahali ni toleo la mwaka gani aliloweka, kwa kuwa WHO hutoa matoleo mapya na nakala ya ndani haijisasishi yenyewe.