Ala ya kwanza ya mtoto wa shule: ununue nini, Kisumu hadi Nakuru

Shule zikikaribia kufunguliwa, maduka ya vitabu Kisumu, Kakamega na Nakuru hupanga rekoda za plastiki, zile filimbi za kupuliza, kwenye kaunta, kando ya madaftari na seti za jiometri. Mzazi huchukua ya bei ya chini kabisa, mtoto hupuliza jioni nzima, na kufikia wiki ya pili filimbi iko chini ya kitanda. Mara nyingi kosa ni la ala: haikuimba sawa tangu dukani, na mtoto wa miaka 10 hulisikia hilo hata kama hana maneno ya kulieleza. Kwa hiyo hapa tumepanga kwa kuuliza kwanza kama ala hutoa sauti sahihi mikononi mwa mwanafunzi. Bei inafuata.

1. Rekoda ya deskanti

Deskanti, yaani rekoda ya sauti ya juu, ndiyo ya kwanza, bila ubishi. Ni ndogo, haihitaji stima, na ndiyo inayofundishwa shuleni. Tafuta yenye vipande 3: kichwa, mwili na mguu. Zile za kipande kimoja ni rahisi, lakini mguu wake hauzunguki, na mtoto mwenye mikono midogo hatalifikia tundu la mwisho kwa kidole cha mwisho. Ukiweza kuuzungusha mguu kidogo kuelekea kulia, tatizo limekwisha.

Kabla ya kulipa, uliza ni ya mpangilio gani wa vidole, wa Kijerumani au wa Baroque. Muuzaji akikutazama tu, geuza rekoda: nyingi zina herufi G (Kijerumani) au B (Baroque) nyuma. Zisipokuwa nayo, linganisha tundu la 4 na la 5 ukihesabu kutoka juu upande wa mbele. La 5 likiwa dogo kuliko la 4, ni ya Kijerumani. Likiwa kubwa, ni ya Baroque. Kwa Yamaha, YRS-23 ni ya Kijerumani na YRS-24B ni ya Baroque. Ya Kijerumani hurahisisha noti ya F mwanzoni, kisha inakulipisha baadaye, maana F# yake (F iliyopandishwa nusu) ni ngumu kuisawazisha. Sisi tungenunua Baroque, ila neno la mwalimu ndilo la mwisho. Darasa lenye mchanganyiko wa aina mbili ni mateso: mwalimu anaonyesha vidole vilevile, nusu ya watoto wanatoa sauti nyingine.

Ijaribu palepale. Omba mdomo wake ufutwe kwa spiriti, ziba tundu la nyuma kwa gumba la kushoto na la kwanza la mbele kwa kidole cha shahada, kisha puliza polepole: pumzi ya kupooza kijiko cha uji, si ya kuwasha jiko la makaa. Programu ya bure ya kupima noti (tuner) kwenye simu ionyeshe noti ya B. Ikipotoka zaidi ya senti 20 (kipimo kidogo cha noti, si pesa) huku pumzi imetulia, irudishe. Ziba matundu yote 8 utafute noti ya C ya chini; rekoda mbovu hugoma hapo. Mwisho, elekeza kichwa kwenye mwanga uchungulie mfereji wa pumzi. Vinyuzi vya plastiki vilivyobaki kutoka kiwandani ndivyo vinavyoleta ule mkwaruzo.

Nyumbani, mlio wa kukatisha tamaa huwa na sababu mbili. Ya kwanza ni tundu linalovuja. Mwambie mtoto abonye kisha atazame vidole: duara kamili likionekana kwenye nyama ya kidole, tundu lilizibika, likiwa nusu mwezi, pumzi inatoroka. Ya pili ni maji ya pumzi kujaa kwenye mfereji, hasa asubuhi za baridi za Nakuru. Kichwa kikae kwapani dakika 2 kabla ya kupiga. Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji yanayochemka kama ya chai hupinda plastiki. Kila mtoto awe na yake, yenye jina, maana mafua husafiri kwa mdomo wa filimbi.

Za bei ya chini ni shilingi mia chache, zenye chapa inayojulikana hupita elfu moja. Zipo za mia chache zinazoimba vizuri. Simu yako itakuambia zipi.

2. Ngoma 3 za isukuti

Kwa shule, hasa Kakamega na Vihiga, huu ndio ununuzi wenye faida kuliko wote baada ya rekoda. Ngoma hupigwa kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina kazi yake, kwa hiyo mtoto hujifunza kusikiliza mwenzake huku akishika mapigo yake. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka mchezo wa Isukuti wa Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Nunua kwa fundi, na zote 3 kwa siku moja, ukizisikia pamoja. Gongagonga ubao: mti mbichi huwa mzito na mlio wake hufifia, kisha hupasuka kiangazi kikifika. Unga mwembamba ukimwagika ndani, kuna fukusi. Kamba ya begani imfae mtoto, si fundi. Ngozi italegea mvua ya mchana ikinyesha, na hilo si ubovu. Ianike juani nusu saa. Wanaoikaza kwa moto wa karatasi waisogeze kwa umbali, kwa sababu ngozi iliyoungua kando hupasuka siku ya mashindano.

3. Spika ya darasa

Kusikiliza nako ni somo. Chagua spika yenye tundu la flashi, ili usitegemee bando. Usidanganywe na "1000W" iliyoandikwa kwenye boksi. Tafuta neno RMS, yaani nguvu halisi ambayo spika hutoa mfululizo. Kwa watoto 50, wati 20 hadi 40 za RMS zinatosha, ila mvua ikianza juu ya mabati hakuna spika itakayoshinda, basi panga somo asubuhi. Iweke juu ya meza, urefu wa masikio. Cheza wimbo mmoja mara 3: kwanza kimya, kisha wainue mkono ngoma kubwa inapoingia, kisha wapige makofi na ile ndogo. Visikizio vya masikioni achana navyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na simu hupita hapo kwa urahisi.

4. Nyatiti au litungu

Nzuri mno, lakini tu ikiwa kuna mwalimu. Nyatiti ina nyuzi 8. Litungu la Wabukusu huwa na 7 au 8. Mwagize fundi ukubwa wa mtoto: akiketi kwenye kigoda, mikono yote miwili ifikie nyuzi bila bega kupanda. Nyuzi za nailoni hukatika, na Kisumu tiba yake iko kwa wauza mishipi ya kuvulia. Nenda na kipande cha uzi uliokatika ulinganishe unene.

5. Kibodi

Vibonye 61 vya ukubwa kamili, vinavyotoa sauti ndogo ukibonya polepole na kubwa ukibonya kwa nguvu. Iwe inakubali betri, maana stima hukatika. Adapta ndiyo huua kibodi nyingi: Yamaha nyingi za wanaoanza hutumia volti 12, Casio nyingi 9.5. Ya jirani usiichomeke kabla ya kusoma kibandiko.

6. Gitaa

Nyuzi za nailoni, ukubwa wa robo tatu. Kwenye kizuizi cha 12 (vizuizi ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), uzi usiwe juu ya ubao zaidi ya milimita 4, la sivyo vidole vitauma na gitaa litageuka pambo la ukutani.

Vinanda vya kuchezea vyenye taa na sauti za wanyama havimo kwenye orodha hii. Vipime kwa ile programu ya simu utaona kwa nini.